Mota haijafa, mmeshindwa kupima tu

Leo nina hasira, kwa hiyo mnivumilie. Aliyekuja kutafuta siasa apite kesho. Leo naongelea kioo cha gari, tena kioo cha mlango mmoja tu, na shilingi 380,000 ambazo nusura zinitoke kwa sababu nimezoea, kama wengi wenu mnaosoma hapa, kumwogopa mtu aliyevaa ovaroli safi.

Ilikuwa Alhamisi jioni, masika yamechanganya. Natoka Mwenge naelekea Ubungo, foleni ya Sam Nujoma haisogei. Nikashusha kioo changu kununua maji kwa kijana wa barabarani, nikalipa, nikabonyeza kupandisha. Kimya. Nikabonyeza tena, nikabonyeza kwa hasira, nikabonyeza kwa upole kama nambembeleza mtoto. Kimya. Wakati huo huo wingu likafunguka, na mnaijua mvua ya Dar, haikupi nafasi ya kutafakari. Nikajaribu vioo vingine kwa swichi zile zile za mlango wangu: cha abiria wa mbele kikashuka na kupanda, vya nyuma vyote viwili vikashuka na kupanda. Changu tu ndicho kimegoma, nacho kimegomea chini kabisa. Naomba mkumbuke hili la vioo vitatu vinavyofanya kazi, maana kuna mtu analipwa kwa kujua maana yake na hakutaka hata kusikia.

Najua kuna atakayesema haya ni matatizo ya wenye nazo. Wenye nazo gani bwana? Gari lenyewe ni mtumba wa Japani, lina umri wa kupiga kura. Ila nalitegemea kazini, na gari lisilofunga kioo Dar es Salaam ni kibanda chenye magurudumu. Huwezi kuliegesha, huwezi kuacha hata kalamu ndani, na kwenye foleni unakaa umeshika simu kwa mikono miwili. Mwenzangu mmoja alikwapuliwa begi akiwa kwenye taa, kioo chake kiligoma kikiwa nusu na akawa anaahirisha kukitengeneza kwa sababu aliambiwa bei akachoka. Begi lilikuwa na laptopu yake na kamera ya ofisi. Kamera akaja kukatwa kwenye mshahara, miezi kadhaa. Kioo chenyewe hakijatengenezwa mpaka alipouza gari.

Usiku ule nilibandika nailoni mlangoni kwa gundi ya karatasi, nikasogeza kitanda karibu na dirisha, nikalala nusu jicho kama mlinzi wa benki. Saa tisa usiku nailoni ikabanduka. Nikatoka na bukta na mwavuli. Majirani wana stori yao mpaka leo.

Asubuhi nikaenda gereji. Sitaitaja, na msinibane, maana nina hakika ziko nyingi za namna hiyo. Marumaru sakafuni, kiyoyozi mapokezi, kahawa ya bure. Kijana akanipokea: "Karibu bosi." Akaingia kwenye gari, akabonyeza swichi mara mbili, narudia, mara mbili, akatoka.

"Bosi, mota imekufa hiyo."

"Umejuaje kaka?"

"Uzoefu bosi. Tena hizi huwa hazitengenezwi. Tunabadili mota na mashine yake, inakuja seti."

Seti 300,000, ufundi 80,000. Nikauliza ufundi wa nini. Wa kufungua mlango. Nikauliza nikitaka kujua kwanza kama kweli ni mota, kuna kupima? Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya daktari anayemwona mgonjwa hajakubali ugonjwa. "Bosi, tutakupotezea muda tu."

Mimi ni mwandishi wa kujitegemea, nalipwa kwa stori. Stori moja naipata kwa 20,000 pale wanapolipa, na hapo nauli yangu, mafuta yangu, vocha yangu. Maana yake ni stori 19 za kupandisha kioo kimoja. Nikamwambia nakwenda kutoa pesa benki nitarudi, ule uongo wa kiungwana ambao kila Mtanzania anausema na kila Mtanzania anaujua. Akaniambia karibu tena bosi. Kahawa nilikunywa.

Nikaenda Sinza, kwa mzee mmoja fundi umeme wa magari anayefanyia kazi chini ya mwembe. Hana bango. Ana benchi, betri moja kuukuu, sanduku la bisibisi, na taa ndogo yenye nyaya mbili ambayo wao huiita testa. Nilikuwa nampita kila wiki, miaka mitatu, sijawahi hata kumsalimia. Na hapa ndipo hasira yangu inaponirudia mwenyewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kulikoni?"

Nikamweleza. Hakugusa gari. Akaanza kuuliza.

"Vile vingine vinapanda kwa swichi ya mlango wako?"

"Vinapanda vyote."

"Ukibonyeza cha kwako unasikia sauti yoyote mlangoni? Hata tik?"

"Kimya kabisa."

"Washa taa ya ndani, halafu ubonyeze. Inafifia?"

Haikufifia. "Basi mwanangu, hapo umeme haufiki. Mota hata hatujaiona na wao wameshaizika."

Nataka mlione hilo la taa, maana ni la bure na mnaweza kulifanya leo hii. Mota ya kioo inakula umeme mwingi kwa mara moja. Ukibonyeza na taa za gari zikafifia kidogo, umeme unakwenda, kwa hiyo kuna kitu kimekwama au mota imeungua. Ukibonyeza na taa isishtuke hata chembe, kuna uwezekano mkubwa umeme umekatika mahali kabla ya kufanya kazi: swichi, waya, soketi, au zile brashi za ndani ya mota. Maswali matatu na taa moja. Kijana wa marumaru hakuuliza hata moja.

Mzee akafungua skrubu mbili, moja imefichwa nyuma ya kishikio, akapenyeza bisibisi aliyoifunga kitambaa ili asikwaruze, akatoa kava la ndani la mlango klipu moja moja bila kuvunja hata moja. Akabandua nailoni ya kuzuia maji, taratibu, akaikunja pembeni. Akachomoa soketi ya mota, akaweka testa kwenye matundu mawili, akaniambia bonyeza. Taa haikuwaka. Juu haikuwaka, chini haikuwaka. Kisha akachukua nyaya mbili kutoka kwenye betri yake na kuzigusisha kwenye mota yenyewe. Mlango ukanguruma na kioo kikapanda mpaka juu, kama hakijawahi kugoma tangu kizaliwe. Akageuza nyaya, kikashuka. Akageuza tena, kikapanda. Mota ambayo nilikuwa nimeandaliwa maziko yake ya 380,000.

Dakika kumi. Nilihesabu, ndiyo kazi yangu.

Akageukia swichi. Akaitoa, akaifungua kwenye benchi, akanionyesha. Ndani kuna vijibamba vidogo vya shaba vinavyogusana kila unapobonyeza, na kila vinapoachana panaruka cheche ndogo. Cheche ya leo na ya kesho na ya miaka kumi na nane zinaacha masizi. Vile vya kioo changu vilikuwa vyeusi tii, vya vioo vingine vilikuwa na nafuu. Na ina mantiki: kioo cha dereva ndicho kinachoshushwa kwa trafiki, kwa mlinzi wa geti, kwa muuza maji, kwa mtu wa maegesho. Juu ya masizi kulikuwa na vumbi na kitu kinachonata ambacho mzee alisema ni soda. Ni soda kweli. Ni yangu, tuendelee.

Akasafisha kwa spiriti na msasa ule laini kabisa, akakunja kijibamba kimoja kidogo kirudishe mguso, akafunga. Nikabonyeza. Kikapanda. Bei 15,000. Na akanipa tahadhari bila kuulizwa: msasa unaondoa ngozi ya juu ya hivyo vibamba, kwa hiyo vitachoka tena, labda mwaka, labda zaidi, na vikichoka nisimfuate mtu wa seti, nitafute swichi ya mtumba Gerezani ya gari kama langu. Nilipita Kariakoo wiki ile ile kuulizia, nikatajiwa 45,000 nikiwa nimevaa shati la kazini, na 35,000 kwenye duka la tatu. Kwa hiyo hata ningekuwa mwoga na kubadili swichi nzima siku ile ile, ningemaliza kwa 60,000 na kurudi na chenji ya kutosha kodi ya mwezi ya mtu.

Sasa ndugu zangu, tuitane majina. Kumwambia mteja mota imekufa bila kuipima, kisha kumuuzia nyingine, kunaitwaje? Kwenye hospitali, daktari akitoa figo bila kipimo tungeandamana. Kwenye gari tunasema "ndiyo bei zao". Mimi sisemi kijana yule ni mwizi. Nasema jambo baya zaidi: inawezekana kabisa aliamini anachosema. Gereji ile inampima kwa spea anazouza, hakuna anayempongeza kwa kugundua kwamba tatizo lilikuwa soda. Ukimfundisha kijana kwamba kutambua tatizo ni kupoteza muda na kubadili ndiyo kazi, baada ya miaka mitano una mbeba maboksi mwenye ovaroli. Na huyo huyo kesho atakutengenezea breki.

Najua majibu, nimeshayasikia kwa marafiki zangu wawili jana tu. La kwanza: "Muda ni pesa, mimi nataka nikabidhi funguo nichukue gari." Sawa kabisa. Ila seti ilikuwa inabidi iagizwe, siku tatu. Mzee alimaliza kabla chai haijapoa. Muda upi uliookolewa? La pili: "Kipya ni kipya, kina uhakika." Kipya kipi? Ukiweka mota mpya kwenye mlango ambao swichi yake haipeleki umeme, una mota mpya isiyopanda. Hapo ndipo unapoitwa mapokezi na kuambiwa bosi, bahati mbaya tumegundua na swichi nayo. Si kwamba nabuni, ndivyo alivyofanyiwa huyo rafiki wa pili, na bado ananibishia!

La tatu ndilo lenye uzito, na nalikubali nusu. Watu wanasema mafundi wa chini ya miembe wanaharibu. Kweli, wapo. Nimeona gari la mtu limekatwa soketi zote za mlango na nyaya zikasokotwa kwa mkono na kufungwa karatasi ya pipi. Nimeona swichi ya kengele ya mlango wa nyumba imetobolewa kwenye dashibodi kuendesha kioo, bila fyuzi, waya umepita chini ya zulia. Huo si ubunifu, huo ni moto unaosubiri siku yake. Nimeona kigingi cha mbao kimechomekwa kuzuia kioo kisidondoke na fundi akachukua 30,000 akaondoka. Kwa hiyo sisemi mwembe ni mtakatifu na marumaru ni shetani. Nasema tofauti ya fundi na asiye fundi ni moja: anapima kabla ya kubadili au habadili chochote ila bahati yako? Testa ya taa kama ile ya mzee unaipata kwa bei ya chipsi kuku. Gereji yenye mashine ya kahawa haikuwa nayo mkononi.

Na tatizo la nne ni sisi. Sisi wenye digrii, tunaobishana kuhusu katiba mpaka saa nane usiku, tukifika kwa fundi tunakuwa mabubu. Tunaogopa kuuliza swali la kijinga. Tunaona aibu kuonekana tumesimama kwenye tope la gereji ya mtaani, mtu wa ofisini asije akapita. Nimesema nilimpita mzee miaka mitatu. Nilikwenda kwenye marumaru kwanza kwa sababu palikuwa na marumaru, basi, sina sababu nyingine. Kanuni hii ya aibu ndiyo inayolipia ile kahawa.

Kwa hiyo ngoja niwape nilichokipata, niliuliza maswali mpaka mzee akacheka, na baadaye nikayahakiki kwa fundi mwingine anayefundisha vijana umeme wa magari.

Vioo vya umeme si uchawi wala si vitu vya juzi. Packard walikuwa wanaviweka kwenye magari yao ya kifahari Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1940. Kwenye mitumba mingi ya Kijapani tunayoendesha, mota ni ya volti 12, ina nyaya mbili, ukigeuza chanya na hasi inageuza mwelekeo, na kazi ya swichi ni kugeuza tu. Mota inazungusha mashine, ama ile ya mikono inayofunguka kama mkasi, ama ile ya kebo ya chuma inayopita kwenye vipuli vya plastiki. Juu yake kuna kioo, na kioo kinateleza kwenye raba. Vitu vitano: fyuzi, swichi, waya, mota, mashine. Raba ni ya sita na ndiyo inayosahaulika.

Vioo vyote vikifa kwa pamoja, usimruhusu mtu afungue mlango kabla hujaangalia fyuzi, ambayo ni ya kubadili mwenyewe kwa vidole. Angalia pia kile kitufe cha kufungia vioo vya abiria kwenye mlango wa dereva. Msicheke. Kuna mtu amelipa kwa ajili ya kitufe hicho. Kama ni kioo cha abiria kimegoma, kijaribu kwa swichi yake na kwa swichi ya dereva; kikikubali moja na kukataa nyingine, mota ni nzima na hakuna wa kukudanganya tena. Kikikataa zote, fungua mlango huo, bonyeza huku ukiufungua na kuufunga taratibu. Kikishtuka, waya umekatika ndani ya ule mpira mweusi ulio kati ya mlango na bodi, kwa sababu waya unakunjwa kila mlango unapofunguliwa mpaka unachoka. Hapo unahitaji kipande cha waya, risasi ya kuunganishia na tepe, na fundi asiyesokota kwa mkono.

Ukibonyeza na kusikia mota inanguruma lakini kioo kimekaa, mota ni nzima, kilichokatika ni kebo au meno ya plastiki. Ukisikia tik na taa zikafifia, kuna kilichokwama. Ukibonyeza huku unaupigapiga mlango kwa ngumi na kioo kikaamka, brashi za mota zimeisha, na hizo kuna mafundi wanaobadili. Na kama kioo kinapanda kwa kujivuta, kinasimama njiani, halafu baada ya dakika chache za kupumzika kinapanda tena, usikimbilie kununua. Mota nyingi zina kinga ya joto inayokata umeme zikizidiwa, na kinachozizidi mara nyingi ni raba zilizokauka na kujaa vumbi. Futa zile njia kwa kitambaa chenye maji na sabuni, zikikauka pulizia silikoni. Silikoni, si oili chafu na si grisi! Oili inavimbisha raba na kukamata mchanga, mwezi mmoja baadaye uko pabaya kuliko ulipoanza. Hili peke yake lingeokoa mota nyingi mjini hapa ambapo nusu ya mitaa ni vumbi na nusu ni tope.

Kuna jambo ambalo mzee alilikazia sauti. Mashine ya mkasi ina springi iliyojikunja kama saa ya ukutani. Ukichomoa mota kabla ya kuufunga ule mkono usiende, springi inaruka na kuondoka na vidole. Kioo chenyewe kifungwe juu kwa tepe nzito kabla ya kulegeza bolti, maana kikidondoka ndani ya mlango umeongeza bei ya kioo kwenye bei ya mashine. Na gari lenye mifuko ya hewa milangoni, betri ichomolewe kwanza. Magari ya karibuni pia, yale ambayo kioo kinarudi chenyewe kikigusa mkono wa mtoto, mota yake ina nyaya nyingi na kompyuta ndogo ndani. Hiyo usiiguse na nyaya za betri, utaunguza kitu kizima. Ila hata kwenye hayo kuna wizi mdogo wa kitoto: ukibadili betri, kioo kinaweza kusahau kupanda chenyewe kwa mguso mmoja. Kwa mengi dawa ni kukipandisha mpaka mwisho na kuendelea kushikilia swichi sekunde chache, kinajikumbusha. Kuna watu wanaambiwa "programu imefutika" na wanatoa hela.

Na ikibidi kweli kununua mota? Ibidi basi, vitu hufa. Gerezani zipo za mtumba, zimetolewa kwenye magari ya aina hiyo hiyo. Nenda na ile ya zamani mkononi, maana ya kulia na ya kushoto zinafanana usoni tu. Usilipe kabla muuzaji hajaigusisha kwenye betri mbele yako, iende pande zote mbili. Wenye maduka wa maana wanakuwa na betri hapo hapo chini ya meza, asiye nayo mwambie asante kaka, songa mbele. Na uliza kama unaweza kuuziwa mota peke yake bila mashine. Mara nyingi inawezekana, zimeshikwa kwa bolti chache tu.

Huko Marekani, mwaka 2012 wapiga kura wa jimbo la Massachusetts waliunga mkono sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wa magari kuwapa mafundi wa nje taarifa za kutambulia hitilafu. Yaani wenzetu wamefika kwenye kura wakigombea haki ya kupima. Sisi kifaa cha kupimia tunacho, magari yetu mengi ni ya zamani kiasi kwamba hayana siri yoyote, na bado tunakubali kuambiwa "uzoefu bosi". Sheria tunayo pia, ile ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja. Nani amewahi kuitaja kwenye kaunta ya gereji? Mimi sijawahi. Nilikunywa kahawa nikaondoka.

Ninachokitaka si kikubwa. Nataka gereji iniandikie kwenye karatasi ilichopima na ilichokuta kabla ya kuniandikia bei. Nataka bei ya spea na bei ya ufundi ziwe mistari miwili, si "seti". Na nataka kipuri changu cha zamani nirudishiwe mkononi, kiwe kimekufa au la, ni mali yangu. Hili la mwisho hasa, ndugu zangu, liombeni kila mara, kwa upole, mbele ya wateja wengine. "Kaka, ile ya zamani niwekee kwenye buti." Utaona uso unavyobadilika. Mota ngapi nzima zilizoachwa kwenye gereji zenye marumaru zinauzwa tena kama mtumba kwa mtu mwingine aliyeambiwa yake imekufa? Sina ushahidi, nauliza tu kama mwandishi.

Kijana wa marumaru alinipigia Jumatatu. "Bosi, ile seti tuagize?" Nikamwambia kioo kinapanda, ilikuwa swichi. Akanyamaza kidogo. Akaniuliza nimetengenezea wapi. Nikamwelekeza: Sinza, chini ya mwembe, mtafute mzee mwenye testa. Sijui kama alikuwa anataka kumletea wateja au kumwona mpinzani, lakini hakukata simu haraka, aliuliza mara mbili ni mwembe upi.

Kioo cha nyuma kushoto nacho kimeanza kupanda kwa kujivuta. Silikoni nimeshanunua. Jumamosi nafuta raba mwenyewe, na kikigoma natangulia kwa mzee kabla ya saa nne, maana baada ya hapo foleni yake inafika barabarani.